Linux ya flashi yenye hifadhi ya kudumu na kufuli: uchague ipi kati ya Ubuntu, Kali, Tails, MX na kuinstoli kabisa

Wakuu, swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti. Mtu ana flashi ya GB 32, anataka awe na Linux yake mfukoni, achomeke kwenye kompyuta ya ofisini au ya chuo au ya saiba, afanye kazi zake achomoe aondoke, kesho akiwasha akute kila kitu kipo kama alivyokiacha, halafu flashi ikidondoka kwenye daladala aliyeiokota asione kitu. Hapo kuna mahitaji mawili na watu wengi wanayachukulia kuwa moja. La kwanza vitu vikae, la pili vitu vifungwe. Zana nyingi zinazosifiwa huko nje zinakupa lile la kwanza tu, la pili hazina, na wala hazikwambii kwamba hazina, ndiyo maana nimeona nizipange hapa moja moja.

Kwanza laivu, yaani Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinstoliwa, inavyofanya kazi kwa ndani, maana bila hapo ulinganisho wote unakuwa maneno matupu. Ukiandika ISO (faili lenye mfumo mzima) ya Linux laivu kwenye flashi, mfumo mzima umebanwa ndani ya faili moja kubwa la squashfs, nalo ni la kusomwa tu, halibadiliki. Ukibuti, kerneli (kiini cha mfumo) inalifungua na juu yake inatandaza tabaka la kuandikia ambalo liko kwenye RAM. Ukisevu dokumenti, ukiinstoli programu, ukiandika paswedi ya waifai, vyote vinatua kwenye hilo tabaka la juu na lile la chini haliguswi. Ukizima kompyuta RAM inapotea na tabaka linaondoka nalo. Hifadhi ya kudumu maana yake ni kwamba lile tabaka, au kipande chake, linatolewa kwenye RAM na kuwekwa kwenye partisheni (kipande kilichogawanywa) ya flashi, basi, hakuna uchawi mwingine. Na kuifunga maana yake hiyo partisheni inawekwa kwanza ndani ya LUKS, ambalo ndilo kufuli la kawaida la Linux: kila kinachoandikwa kinageuzwa na AES, njia ya kusimba data, kuwa kitu kisichosomeka, na ufunguo wenyewe unakaa mwanzoni mwa partisheni, sehemu inayoitwa kichwa, ukiwa umefungwa kwa paswedi yako. LUKS1 ya zamani inaipika paswedi (kuigeuza kuwa ufunguo) kwa njia ya PBKDF2 ambayo kadi za grafiki zinaikimbiza haraka mno, LUKS2 ina Argon2id ambayo inadai RAM nyingi kwa kila jaribio moja, kwa hiyo anayebahatisha paswedi anagharamika zaidi. Ukiweza kuchagua, chagua LUKS2.

Ubuntu na jamaa zake, kwa Rufus

Hii ndiyo wengi wanaanza nayo kwa sababu ni rahisi. Tangu Rufus 3.7 (programu ya Windows ya kuandika ISO kwenye flashi) ya mwaka 2019 unavuta tu kile kitelezi cha ukubwa wa partisheni ya kudumu, unabonyeza Start, unasubiri, tayari. Ubuntu inatumia programu inaitwa casper, inatafuta partisheni yenye jina `writable` (zamani ilikuwa `casper-rw`, na wakati ule ikiwa faili kwenye FAT32 ulikuwa huwezi kuvuka GB 4), na kwenye mstari wa kubuti lazima neno `persistent` liwepo. Inafanya kazi. Vitu vinakaa.

Sasa fanya hivi, ichukue hiyo flashi baada ya kuitumia siku kadhaa, ichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, usibuti nayo, ifungue tu kama flashi ya kawaida. Utaona partisheni ya `writable`, ndani yake folda ya `upper`, ingia `upper/home/ubuntu`, hizo hapo dokumenti zako zote. Ingia kwenye profaili ya Firefox, kuna kuki za akaunti ulizoacha wazi, mtu akizinakili anaweza kuingia kwenye akaunti hizo bila hata kuulizwa paswedi. Rudi `upper/etc`, tafuta mipangilio ya mtandao, paswedi ya waifai ya nyumbani na ya ofisini imeandikwa kwa maandishi ya kawaida kabisa. Hakuna udukuzi hapo, ni kufungua folda tu. Na ile skrini ya kuingilia yenye paswedi haisaidii chochote, maana anayefungua flashi kwenye kompyuta nyingine hapiti kwenye hiyo skrini.

Je casper inaweza kufungua LUKS wakati wa kubuti? Njia rasmi hakuna. Wapo watu wanaichokonoa initrd, ule mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kubuti, wakaongeza skripti zao, inakubali, lakini ukibadilisha ISO unaanza upya. Mimi siishauri. Kwa hiyo Ubuntu yenye hifadhi ya kudumu naiweka kwenye kazi za kufundishia, kuonyesha watu Linux, kufufua kompyuta ya mtu, kazi ambayo ikiokotwa hakuna anayeumia. Tatizo jingine ni apdeti, ukiapdeti mfumo mzima programu mpya zinaandikwa kwenye tabaka la juu huku zile za zamani ziko palepale ndani ya squashfs, kwa hiyo GB 4 zinaisha ukishangaa zimeenda wapi, na kerneli mpya haibuti hata ukiiinstoli kwa sababu kerneli inayobuti ni ile ya upande wa ISO. Apdeti brauza na vitu unavyotumia, mfumo mzima uache.

Kali na familia ya Debian Live

Hapa mambo yanabadilika. Debian, ambayo Kali imejengwa juu yake, inatumia live-boot badala ya casper, na live-boot inaijua LUKS tangu huko. Neno la kubuti ni `persistence`, siyo `persistent`, angalia vizuri hapo maana watu wanakesha kwa ajili ya herufi mbili. Jina la partisheni pia ni `persistence`, na ndani yake lazima pawe na faili la `persistence.conf` lenye kusema nini kihifadhiwe. Kali wameweka kabisa mstari wa menyu wenye Encrypted Persistence, ukiuchagua unaulizwa paswedi mapema kabisa kabla ya dawati kufunguka.

Kuiandaa, chukulia ISO imeshaandikwa, flashi ni `/dev/sdb` na umeongeza partisheni ya tatu kwenye nafasi iliyobaki (hakikisha jina kwa `lsblk` kabla ya yote, ukikosea herufi moja hapo unafuta diski ya ndani):

`sudo cryptsetup --verify-passphrase luksFormat /dev/sdb3`
`sudo cryptsetup luksOpen /dev/sdb3 siri`
`sudo mkfs.ext4 -L persistence /dev/mapper/siri`
`sudo mount /dev/mapper/siri /mnt`
`echo "/ union" | sudo tee /mnt/persistence.conf`
`sudo umount /mnt`
`sudo cryptsetup luksClose siri`

Ule mstari wa `/ union` ndio unaosema hifadhi kila kitu. Na hapa ndipo napoipendea Debian, huna lazima ya kuhifadhi kila kitu. Ukiandika `/home` peke yake, basi faili zako na mipangilio yako inakaa, lakini mfumo unabaki msafi kila ukiwasha, programu yoyote mbaya iliyojipenyeza kwenye mfumo jana leo haipo. Kwa mtu anayetumia zana zilezile zilizoko kwenye ISO hii ni bora kuliko union, nafasi hailiwi na apdeti na mambo hayaharibiki kwa kerneli kugongana na moduli zake, jambo ambalo kwa Kali linatokea upesi kwa sababu inaapdetiwa mfululizo bila kusubiri matoleo. Ila ujue mtu mbaya akiweka kitu ndani ya `/home` yako kinakaa nacho, hapo usafi wa mfumo haukusaidii.

Kama unatumia Debian Live yenyewe badala ya Kali, mstari wa menyu hauko tayari, unabonyeza e kwenye GRUB (menyu ya kubuti) unaongeza `persistence persistence-encryption=luks`, na initrd iwe na cryptsetup ndani yake la sivyo hutaulizwa paswedi na mfumo utabuti mtupu. Kwa Kali hilo limeshafanywa. Kasoro ya Kali ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokataa kubuti mfumo usioidhinishwa, lazima uizime kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), na kompyuta ya ofisi yenye BIOS iliyofungwa kwa paswedi ndiyo mwisho wa safari.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui kuhusu LUKS2. Argon2id inapima nguvu ya kompyuta unayofomatia, ukifomati kwenye laptopu yenye GB 16 inaweza kudai hadi GB 1 ya RAM kila unapofungua, halafu unaenda kuchomeka kwenye dude la zamani lenye RAM ya GB 2 unasubiri unaona kimya au inakataa. Kama unajua utatumia mashine dhaifu ongeza `--pbkdf-memory 262144` kwenye luksFormat, hiyo ni MB 256, na ukifanya hivyo basi urefushe paswedi.

Kuna na ile nenosiri ya kuangamiza ambayo Kali waliileta kwenye toleo la 1.0.6 Januari 2014, ukiiandika badala ya paswedi ya kweli funguo zote zilizo kwenye kichwa zinafutwa na data haifunguki tena. Watu wanaipenda sana. Mimi naona inampa mtu ujasiri usio na msingi, kwa sababu anayejua kazi yake akichukua flashi yako anainakili yote kwanza, ndipo anakupa uandike. Mahali pazuri pa hicho kitu ni pale wewe mwenyewe unapotaka kuitupa flashi haraka.

Tails

Tails ni ya watu wenye siri za kweli. Mwandishi na chanzo chake, wakili, mtu anayefuatwa, mwanaharakati. Toleo lake la kwanza ni la 2009, Edward Snowden, aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, na waandishi aliofanya nao kazi mwaka 2013 waliitumia, na tangu 2024 imeungana na Tor Project, wenye Tor, mtandao unaozungusha mawasiliano yako ili usijulikane ulipo. Inataka flashi ya GB 8 kwenda juu, na hifadhi yake ya kudumu inachukua nafasi yote iliyobaki, hivyo flashi ya 16 au 32 inapendeza zaidi.

Tofauti yake na wengine wote ni kwamba hakuna hifadhi ya kudumu isiyofungwa. Huwezi kukosea. Unabuti, inakuja skrini ya kukaribisha, unachagua lugha na aina ya kibodi, kuna kisanduku cha paswedi ya Persistent Storage, ukiandika inafunguka, usipoandika unaendelea na mfumo mtupu usiokumbuka lolote. Kuna na alama ya kujumlisha pale chini, hapo ndipo unapoweka paswedi ya admini kwa kipindi hicho tu, bila hiyo hakuna `sudo`. Tangu 5.13 ya Mei 2023 hifadhi mpya zinatengenezwa kwa LUKS2 na Argon2id, na toleo lililofuata likaanza kuzihamisha zile za zamani lenyewe.

Na ndani ya hifadhi haiweki kila kitu, inakuuliza kwa swichi. Folda ya Persistent washa, mitandao ya waifai washa au zima, funguo za GnuPG, SSH, Thunderbird, pochi ya Electrum, alamisho za Tor Browser, programu za ziada. Ambacho hukitaka hakikai. Kuki za brauza hazikai hata ukitaka, historia haikai. Kwa usiri huu mpangilio ndio bora niliouona popote, kwa sababu unakulazimisha uamue kitu kwa kitu badala ya kusema hifadhi tu yote tutaona mbele. Programu za ziada nazo haziingizwi kwenye mfumo moja kwa moja, pakiti zake zinahifadhiwa na kuinstoliwa upya kila unapobuti, kwa hiyo ukijaza mipakiti kumi na tano utasubiri kila asubuhi.

Bei yake ni Tor. Kila kitu kinapita Tor, huna uchaguzi, kwa bando la kawaida unaiona kasi inavyoshuka, tovuti nyingine zinakukatalia au zinakusumbua na mafumbo ya picha, simu za video sahau. Kama kazi yako ni kuandika ripoti na kuingia kwenye mfumo wa chuo, Tails itakuchosha utaiacha, na chombo ulichokiacha hakikulindi. Halafu kuna hili ambalo wenyewe Tails wanalisema wazi kwenye maelezo yao: hifadhi yao haijifichi. Mwenye flashi mkononi anaona kuna partisheni ya LUKS hapo, hawezi kuisoma ila anajua ipo na anaweza kukubana uifungue. Uingereza kwa mfano kuna sheria inayoruhusu vyombo vya dola kukuamuru utoe ufunguo na ukikataa ni kosa la jinai. Kufungwa na kufichwa ni mambo mawili, LUKS haifichi.

MX kwa ufupi

MX Linux haitajwi sana huku kwetu na ni haki yake itajwe. Zana yake ya kutengeneza flashi inakuruhusu kuifunga, na hifadhi ya kudumu ina aina kadhaa, unayoitaka wewe pengine ni `persist_root` ambayo mabadiliko yanakaa kwenye RAM halafu yanaandikwa kwenye flashi wakati wa kuzima, au `persist_static` inayoandika moja kwa moja. Ile ya RAM ni nyepesi sana na flashi haichakai upesi. Lakini umeme ukikatika kwenye desktopu isiyo na UPS kazi yote tangu ulipowasha imekwenda. Mwenye laptopu yenye betri nzima achague ya RAM, mwenye desktopu achague static.

Kuinstoli kabisa kwenye flashi, siyo laivu tena

Huu ni mjadala mwingine maana hapa hakuna squashfs wala tabaka, ni Linux kamili iliyoinstoliwa kwenye flashi kama vile ni diski ya ndani. Kwenye instola ya Debian unachagua ile njia ya kutumia diski yote na LVM (mgawanyo wa diski wa Linux) iliyofungwa, unaelekeza kwenye flashi, unaandika paswedi, unasubiri. Itaanza kwanza kuijaza flashi yote na data ya ovyo, kwenye flashi ya pole hiyo ni masaa, unaweza kuikatisha, ila ukikatisha mtu atayechunguza ataweza kuona ni sehemu ipi ya flashi imeandikwa na ipi haijaguswa. Siyo siri zako, ni ukubwa wake tu.

Faida ni kubwa: apdeti za kweli, kerneli mpya inabuti, swopu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) iko ndani ya kufuli, hakuna nafasi inayoliwa mara mbili. Kwa mtu ambaye hii ndiyo kompyuta yake ya kila siku, anayetumia laptopu ya familia yenye Windows ambayo hataki kuigusa, hii ndiyo njia. Lakini usiiweke kwenye flashi ya bei ya chini, utaichukia. Flashi hizo zinaandika vipande vidogovidogo taratibu kupita maelezo, na mfumo kamili unaandika vidogovidogo muda wote. Nunua SSD ndogo ya USB, hata ya GB 120, tofauti utaiona kwenye kubuti kwa mara ya kwanza.

Hatari yake kubwa iko kwenye butiloda, programu inayoanzisha mfumo ukiwasha. Instola nyingi zinaweka butiloda kwenye diski ya ndani hata kama umechagua flashi, matokeo yake flashi haibuti kwenye mashine nyingine na laptopu ya watu ikiwashwa bila flashi inaleta GRUB iliyopotea. Chomoa diski ya ndani kabla ya kuinstoli, au izime kwenye BIOS, na kwenye Debian ukiulizwa kuhusu njia ya EFI ya vifaa vya kuchomolewa sema ndiyo. Halafu ujue `/boot` inabaki wazi, nje ya kufuli, kwa hiyo ukiiacha flashi hotelini mtu mwenye nia anaweza kubadilisha kerneli ili imtumie paswedi yako ukibuti tena. Dhidi ya mwizi wa kawaida haina neno.

Ninachokichagua mimi kwa watu wengi

Mtu akiniuliza bila maelezo mengi, namwelekeza huku: Debian Live tupu bila hifadhi ya kudumu ya mfumo, na partisheni moja ya LUKS pembeni kwa ajili ya faili tu. Mfumo haukumbuki chochote, unazaliwa upya kila ukiwasha, faili zako ziko kwenye kufuli unalolifungua kwa kubofya mara mbili kwenye meneja wa faili na kuandika paswedi. Unaitengeneza hata kwa programu ya Disks ya GNOME, fomati, chagua ext4 yenye LUKS, maliza, hakuna terminali. Hakuna neno la kubuti la kukosea na hakuna tabaka la kujaa.

Mipangilio je? Brauza unaifungua kwa `firefox-esr --profile` ukiielekeza kwenye folda iliyo ndani ya hiyo partisheni, hapo alamisho na akaunti zako zinakaa ndani ya kufuli. Funguo za SSH unaunganisha kwa `ln -s`. Unaweka vyote kwenye skripti moja fupi, unaiita ukishafungua partisheni, sekunde mbili umemaliza. Kinachokosekana ni programu za ziada, kama kazi yako inadai programu kumi zisizo kwenye ISO basi nenda Kali au instoli kabisa.

Na kama faili hizohizo zinatakiwa zifunguke hata Windows, badala ya LUKS tumia kontena (faili moja lililofungwa lenye faili nyingine ndani) la VeraCrypt, maana Windows haiwezi kufungua LUKS kwa njia ya kawaida. Upande wa Linux huna haja hata ya kuiinstoli VeraCrypt, `sudo cryptsetup open --type tcrypt --veracrypt faili.hc siri` inalifungua, na Tails nayo inalifungua tangu 3.9. VeraCrypt pia ina volyumu iliyofichwa ndani ya nyingine, ambayo LUKS haina. Ila kwenye Windows hata ile isiyoinstoliwa inadai haki za admini, na kwenye kompyuta za saiba hupewi hizo haki, watu wanafika pale faili wanalo na kulifungua hawawezi.

Mambo yanayozigusa zote

Paswedi. Tails wanashauri maneno matano mpaka saba yaliyochaguliwa ovyo na hilo linafaa kwa LUKS yoyote. Ovyo maana yake kwa dadu au programu, siyo kwa kichwa chako. Methali usitumie, aya usitumie, mstari wa wimbo usitumie, hivyo ndivyo vinavyojaribiwa kwanza. Walioko Kongo, Burundi na Rwanda wenye kibodi za Kifaransa, kumbukeni kwamba kwenye Kali na kwenye Debian iliyobutiwa laivu paswedi inaulizwa kabla kibodi haijapangwa, mara nyingi inasoma kwa mpangilio wa Kimarekani, hivyo a inakuwa q na z inakuwa w na namba zinahama. Chagua maneno yasiyo na a, q, z, w wala m, wala namba, ufungue popote. Tails haina tatizo hilo kwa sababu kibodi unaichagua kwanza.

Flashi yenyewe. Kabla ya kuandika chochote ipime, flashi feki zinazojiita GB 64 huku ndani ni 8 zimejaa madukani, na LUKS juu ya flashi feki ni msiba kwa sababu itakubali kuandika mpaka ifike pale mwisho halisi ndipo data inaanza kujiandika juu ya data. Ipime kwa zana za `f3write` kisha `f3read`, muda ni mrefu lakini ufanye. Na anza na flashi ambayo haijawahi kuwa na siri zako wazi. Flashi ina chipu inayohamisha maandishi ndani kwa ndani ili isichakae sehemu moja, kwa hiyo ukifuta na kufomati kwa LUKS vipande vya zamani vinaweza kubaki mahali usipoweza kupafikia wewe, mtaalamu wa kung'oa chipu atapafikia.

Bekapu. Flashi zinakufa bila kuaga. Tails wana kloneri inayonakili hifadhi nzima kwenye flashi nyingine ya Tails, itumie. Kwa wengine nakili faili kwenye flashi ya pili iliyofungwa, na chukua pia bekapu ya kichwa kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`, maana kichwa kikiharibika kidogo tu hata wewe mwenye paswedi hufungui. Lakini ukibadilisha paswedi kwa sababu mtu ameijua, ile bekapu ya zamani ya kichwa bado inafunguka kwa paswedi ya zamani, ifute utengeneze mpya. Paswedi ikisahaulika hakuna wa kumpigia, unaweza kuongeza ya pili kwa `luksAddKey` ukaiacha kwa mtu unayemwamini.

Mashine usiyoijua. Haya yote yanalinda flashi ikiwa imezimwa. Kompyuta ya saiba yenye kifaa cha kunasa vibonyezo kati ya kibodi na kasha inaona paswedi yako unavyoiandika, na hakuna Linux ya flashi itakayoligundua hilo. Angalia waya wa kibodi nyuma, na siri nzito usizifungulie kwenye mashine ya watu hata kama una Tails.

Ukishamaliza kuandaa chochote kati ya hivi, buti, andika faili moja la majaribio, zima vizuri kwenye menyu, siyo kuchomoa, halafu chomeka flashi kwenye Linux nyingine uandike `lsblk -f`. Partisheni ya data zako isome `crypto_LUKS`. Kwa kontena la VeraCrypt huo mtihani hautumiki maana lenyewe ni faili la kawaida. Kwa nyingine zote, isipokuwa Ubuntu ya Rufus ambayo haina kufuli, ukiona `ext4` hapo bila LUKS juu yake, kuna hatua uliruka, rudia kabla hujaweka faili halisi.